Saa nane usiku nani yuko macho? Historia fupi ya cron, na ya mlima wetu

Wahitimu wenzangu, na nyinyi wadogo mulio bado kwenye masomo, leo nawaletea historia ya programu moja ndogo sana. Wengi wenu munaitumia kila siku bila kujua jina lake. Inaitwa cron. Kazi yake ni kukumbuka. Unaiambia: "Kila siku saa nane usiku, fanya nakala ya mafaili haya," kisha unaenda kulala. Haichoki, haiombi likizo, haisemi leo mvua ilinikuta njiani. Ripoti inayomfikia mkuu wa ofisi kila asubuhi, ujumbe unaokuambia mega zako zinaisha kesho, nakala za data zinazofanyika watu wakiwa wamelala: mara nyingi nyuma ya mambo hayo kuko cron, au ndugu yake mmoja.

Nitasema mapema ninachotaka kusema, ili musinisome mpaka mwisho mukikitafuta. Cron inajua kufanya kazi kwa wakati. Haijui kukuambia kwamba kazi haikufanyika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mji kama Goma, ulio chini ya volkeno na wenye umeme wa leo upo kesho haupo, ni tofauti kubwa. Ndiyo maana historia ya programu hii nitaisimulia pamoja na historia ya namna tulivyouangalia mlima Nyiragongo. Zote mbili zinauliza swali moja: kazi inayojirudia yenyewe, ikikatika, nani anajua?

TUANZE NA PROGRAMU YENYEWE

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati ule kompyuta moja ilikuwa inatumiwa na watu wengi, na kuko kazi zilizopaswa kufanyika kila siku: kufuta mafaili ya muda, kuhesabu nani ametumia mashine kiasi gani, kuhifadhi nakala. Kazi za namna hiyo ukimwachia mtu azikumbuke, siku moja atasahau. Si uvivu, ni ubinadamu.

Unix ya Toleo la 7, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa tayari na cron. Jina lake linahusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Ilivyofanya kazi ni jambo rahisi kabisa. Kulikuwa na faili moja lenye orodha ya kazi. Kila dakika cron iliamka, ikatazama orodha, ikajiuliza: kuko kazi ya dakika hii? Ikiwepo, inaifanya. Isipokuwepo, inarudi kulala. Dakika inayofuata, vilevile. Mara 1,440 kwa siku.

Mstari wa kazi kwenye orodha hiyo una sehemu tano za wakati, kisha amri yenyewe. Dakika (0 mpaka 59), saa (0 mpaka 23), siku ya mwezi (1 mpaka 31), mwezi (1 mpaka 12), na siku ya juma (0 ni Jumapili). Nyota maana yake "yoyote". Kwa hiyo mstari huu:

0 2 * * * /opt/nakala.sh

unasema: dakika ya 0, saa ya 2, siku yoyote, mwezi wowote, endesha nakala. Na hapa anayehesabu saa kwa Kiswahili aangalie vizuri. Saa 2 ya kompyuta ni saa nane usiku, si saa mbili. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, ile ya kompyuta inaanza usiku wa manane. Nimeshaona mwanafunzi mzuri tu akiandika 2 akitaka saa mbili asubuhi, kisha anashangaa kazi inaendeshwa watu wakiwa kitandani.

Mwaka huohuo wa 1979, kwenye chuo kikuu cha Purdue, Marekani, walipata shida nyingine. Walitaka kila mtumiaji awe na orodha yake, na watumiaji walikuwa karibu mia. Kuamka kila dakika na kusoma orodha mia moja kulikuwa kunaichosha mashine. Robert Brown akatumia hesabu iliyochapishwa mwaka 1977 na Franta na Maly: badala ya kuuliza kila dakika, programu inapanga kazi zote kwa foleni kufuatana na wakati wake, inaangalia iliyo mbele kabisa, kisha inalala mpaka wakati wa ile. Ni kama mlinzi wa geti anayejua mgeni wa kwanza anafika saa ngapi. Hana haja ya kufungua geti kila dakika kuchungulia.

Mwaka 1987 Paul Vixie akaandika cron yake na kuitoa bure. Hiyo ndiyo iliyoenea kwenye mifumo mingi ya Linux, na mukifungua seva nyingi leo mutakuta ama yenyewe ama watoto wake. Kila mtumiaji ana orodha yake, anaiandika kwa amri ya crontab. Kazi ikitoa maneno yoyote, cron inayatuma kwa barua pepe kwa mwenye kazi. Shikeni hilo la barua pepe, tutalirudia.

NCHI MOJA, SAA MBILI

Kuko jambo moja ambalo watu wa Bell hawakulifikiria kwa ajili yetu. Kongo ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi tuko saa mbili mbele. Kwa hiyo seva iliyowekwa Kinshasa na kuambiwa "saa 0 fanya hesabu ya siku" inaifanya huku kwetu ikiwa saa 1 tayari, siku mpya imeshaanza. Malipo ya saa ile moja yataingia siku gani? Wahasibu wa mashirika yenye ofisi pande zote mbili wanajua maumivu hayo.

Ukikodi seva ya Ulaya, ongeza shida nyingine. Wale wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Siku ya Machi, kuko saa nzima ya usiku ambayo haipo kabisa. Siku ya Oktoba, kuko saa inayopita mara mbili. Cron za zamani zingeweza kuruka kazi au kuifanya mara mbili. Za siku hizi zinajaribu kujirekebisha, lakini si zote. Sisi Afrika ya Kati hatuna mchezo huo. Ushauri wa wakubwa wa kazi ni huu: weka seva kwenye UTC, uache akili yako ndiyo iongeze saa mbili. Wanaopima matetemeko ya ardhi wanafanya hivyo dunia nzima, juu ya sababu nyepesi: tetemeko moja linasikika Goma, Kigali na Ulaya, na wote lazima waandike saa moja.

UMEME UKIKATIKA, CRON INASAHAU

Sasa njooni kwenye kidonda chetu. Cron ilizaliwa kwenye maabara ambako kompyuta haizimwi. Iliamini kwamba mashine iko macho mchana na usiku. Kama saa nane usiku mashine imezimwa, kazi ya saa nane haifanyiki. Umeme ukirudi saa kumi na moja, cron inaamka, inatazama saa, inaona si saa nane, inaendelea na maisha. Haijui kwamba kuko kitu kimepita.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja hapa mjini, jina lake naliacha. Ilikuwa inatunza akiba za wamama wafanyabiashara. Diski ya kompyuta yao ilikufa, wakataka nakala. Mstari wa cron ulikuwepo, umeandikwa vizuri, saa 2 kila siku. Lakini nakala ya mwisho ilikuwa na umri wa miezi mitano. Nikamwuliza mlinzi wa usiku, mzee mmoja mpole:

"Papa, jenereta munaizima saa ngapi?"

"Tunaizimaka mbele watu walale, mtoto wangu. Mafuta ni bei."

"Na umeme wa mji?"

"Ule wa usiku? Ukikuja, Mungu asifiwe."

Basi jibu likawa limepatikana. Miezi mitano, kila usiku, kazi ilipangwa na mashine ilikuwa imelala. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu programu haiwezi kuandika kosa ikiwa haikuamka. Aliyeokoa akiba zile hakuwa mimi, wala kompyuta. Ni wamama wenyewe. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake kidogo cha akiba, kimekunjwa ndani ya kitenge, kimetiwa sahihi kila Jumamosi. Walipanga foleni siku nne, karani akaandika upya mstari kwa mstari. Walipata haki yao. Lakini wazieni kama wangeambiwa mwaka ule, "Acheni karatasi, sasa tuko kidijitali."

Dawa ya shida ile ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, inaitwa anacron. Christian Schwarz aliianza, Itai Tzur akaiandika upya. Anacron haiulizi saa ni ngapi. Inauliza: mara ya mwisho kazi hii ilifanyika siku gani? Inaandika tarehe kwenye faili. Mashine ikiwaka, inasoma tarehe ile. Siku ikiwa imepita, inasubiri dakika chache kisha inafanya kazi. Iliandikwa kwa ajili ya mashine zisizokaa zikiwaka, lakini ukiisoma utasema mwenye kuiandika aliwahi kulala Goma. Kwenye ofisi ile ilitosha mstari mmoja:

1 10 nakala /opt/nakala.sh

Yaani: kila siku 1, subiri dakika 10 baada ya kuwaka, fanya nakala. Mlinzi akiwasha jenereta asubuhi, kazi ya usiku inalipwa.

Hebu muone tofauti ya programu hizi mbili. Ya kwanza inakumbuka wakati. Ya pili inakumbuka deni.

SASA TUPANDE MLIMANI

Kuangalia volkeno ni kazi ya kurudia kuliko zote. Mlima haukuambii siku, kwa hiyo unaupima leo, kesho, keshokutwa, vilevile, miaka na miaka, ili siku ukibadilika uone kwamba umebadilika. Asiyejua jana ilikuwaje hawezi kusema leo ni tofauti.

Kazi hiyo kwetu ilianzia Lwiro, Kivu ya Kusini, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Mwaka 1948 Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava ndani ya Nyiragongo na kulitangaza duniani. Mashine za kupima matetemeko zilikuwa na kalamu inayochora juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye ngoma ya chuma. Ngoma inazunguka yenyewe, ndiyo ilikuwa cron ya wakati ule. Lakini kila siku lazima mtu aje, atoe karatasi, aweke nyingine, aandike tarehe. Asipokuja, kalamu inachora juu ya michoro ya jana.

Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka, na ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Lava ile ni nyepesi kuliko za volkeno nyingi duniani, ilikimbia kuwashinda watu. Hesabu za waliokufa zinatofautiana sana mpaka leo, tofauti ya makumi na mamia, na hilo peke yake linawaambia jinsi nchi ilivyokuwa inawahesabu watu wake. Mwaka 1986 ndipo Kituo cha Volkeno cha Goma, OVG, kikaanzishwa, kikiwa tawi la kituo cha Lwiro.

Kisha ikaja 2002. Miaka ya vita ilikuwa imekula vifaa. Vituo vya kupima matetemeko vilivyokuwa vinafanya kazi vilikuwa viwili tu. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa OVG, alisoma michoro ile ya vituo viwili, akaona mlima haukai kama kawaida, akaonya mapema mwezi ule wa Januari. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilitelemka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Umati wa mamia ya maelfu ulivuka kwenda Gisenyi.

Angalieni vizuri kilichokatika mwaka ule. Si mashine. Mashine mbili maskini zilifanya kazi yake, na msomaji wake alisoma. Kilichokatika ni kipande cha kutoka kwa msomaji mpaka kwa mwenye amri ya kuhamisha mji. Barua pepe ya cron ilitumwa. Sanduku lake halikuwa na mtu wa kulifungua.

DAKIKA KUMI KUMI

Dunia ilikuwa imeshapata njia nzuri zaidi. Baada ya mlima St. Helens kulipuka Marekani tarehe 18 Mei 1980 na kuua watu 57, wataalamu wawili wa huko, Elliot Endo na Tom Murray, walijua tatizo la karatasi: mlima ukitetemeka sana, kalamu inaijaza karatasi wino mpaka hakuna anayeweza kusoma. Wakatengeneza mfumo unaoitwa RSAM. Kompyuta inachukua ukubwa wa mtetemo, inapiga wastani kwa kila dakika kumi, inaandika namba moja. Namba 144 kwa siku. Wala haijaribu kuelewa tetemeko ni la aina gani. Inarudia hesabu ileile tu, bila kuchoka, na mtu anaona mstari ukipanda.

Mwaka 1991 mfumo huo ulikuwa mmoja wa vifaa walivyotumia Wafilipino na Wamarekani kwenye mlima Pinatubo. Mlima ulilipuka vibaya sana tarehe 15 Juni. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameshahamishwa. Pale mnyororo wote ulishika: kifaa, hesabu, msomaji, mwenye amri, barabara.

Kwetu, baada ya 2002, misaada ilileta vituo vinavyotuma data mpaka ofisini. Kuanzia mwaka 2012, OVG pamoja na washirika wa Ubelgiji na Luxemburg walijenga mtandao unaoitwa KivuSNet, vituo zaidi ya kumi vya kisasa vinavyotuma mitetemo kwa wakati uleule. Toka karatasi mpaka intaneti: hiyo ni historia ya kujivunia, na wengi walioibeba ni vijana waliosoma hapahapa kama nyinyi.

MIEZI YA KIMYA

Mwaka 2020 mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa unasaidia OVG ulifika mwisho, haukuongezwa. Intaneti ya kupokea data ikakosa wa kuilipa. Kuanzia Oktoba 2020, kwa miezi mingi, vituo vilikuwa huko milimani lakini ofisi haikuweza kuvifuata kama kawaida. Mawasiliano yalianza kurudi mwaka 2021, kwa msaada kutoka Marekani, muda mfupi tu kabla ya mlipuko.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mbingu ikawa nyekundu. Nilikuwa mtaani kwetu. Watu walitoka nje wakiwa na simu mkononi, kila mtu anamwuliza mwenzake, "Ni mulima ama ni nyumba inawaka?" Jibu tulilipata kwa macho, kwa sababu hakuna king'ora kilicholia. Lava ilishuka mpaka Buhene, ikasimama mlangoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Ingekuwa rahisi sana niwaambie: muliona, bili ya intaneti haikulipwa, watu wakafa. Lakini historia ya kweli ni ngumu kuliko hiyo, na msomi hapaswi kuchagua iliyo rahisi. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlima haukutoa zile dalili zinazozoeleka. Ukuta wake ulipasuka ghafla. Ishara zilizo wazi zilianza takribani dakika 40 kabla. Dakika 40! Kwa mfumo wa dakika kumi, hizo ni namba nne. Kwa ripoti ya mara moja kwa siku, ni sifuri. Kwa hiyo hata intaneti ingelipwa miezi yote ile, huenda onyo lingekuwa fupi kuliko safari ya kutoka Majengo mpaka Sake.

Basi miezi ya kimya haikuwa na maana? Ilikuwa nayo. Data ya miezi ile ndiyo ingetuambia mlima ulikuwaje kabla ya kupasuka, na volkeno hii itapasuka tena, wanafunzi wa kesho watahitaji kuilinganisha. Jambo la pili ni lile lililofuata. Baada ya lava kusimama, magma ilisafiri chini ya ardhi kwa urefu wa karibu kilomita 25, ikapita chini ya Goma na Gisenyi mpaka chini ya ziwa. Safari hiyo ilifuatiliwa kwa vituo vya matetemeko na kwa picha za setilaiti, zile zinazopita juu yetu kwa ratiba. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 waondoke, na mamia ya maelfu wakaondoka. Magma haikutoka. Lakini aliyeamua safari hii aliamua akiwa na namba mbele yake. Tulilalamika njia nzima, watoto mgongoni, magodoro kichwani, na bado naona ile ilikuwa bora kuliko kusubiri mbingu iwe nyekundu mara ya pili.

NANI ANAAMKA FILIMBI ISIPOLIA?

Kwenye mitaa yetu, usiku ukisikia filimbi na masufuria yanapigwa, unajua kuko wezi, unaamka. Ni mfumo mzuri, umeokoa nyumba nyingi. Lakini una udhaifu mmoja: ikiwa mwenye filimbi mwenyewe amekamatwa, kuna kimya, na kimya kinafanana kabisa na amani. Cron ni hivyohivyo. Kazi iliyofanyika vizuri haisemi kitu. Kazi isiyofanyika kabisa, nayo haisemi kitu.

Wenye kazi hii wamegundua dawa, nayo ni kugeuza mpango. Badala ya kusubiri kelele ya hatari, unaidai ishara ya uzima. Kila kazi ikimalizika inatuma neno moja kwa mashine nyingine: "Nimefanya." Mashine ile ya pili iko mahali pengine, kwenye umeme mwingine, na kazi yake ni kusubiri. Neno lisipofika kwa muda uliopangwa, ndiyo inampigia mtu. Yaani kimya chenyewe kinakuwa kengele.

Kwa nyinyi mutakaopewa funguo za seva kesho, naacha mambo manne ya mkononi. Kama mashine yako inazimwa, usitumie cron peke yake. Tumia anacron au ratiba inayolipa deni. Zile barua pepe za cron, hakikisha zinamfikia mtu mwenye jina, si sanduku ambalo mwenye nalo aliondoka kwenye kazi miaka mitatu iliyopita. Mara moja kwa mwezi chukua nakala uifungue, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Na ukiandika bajeti ya mradi, andika nani atalipa intaneti mwaka wa kwanza baada ya mfadhili kuondoka. Mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, na ndio unaobeba mingine yote.

Hilo la mwisho halihusu watu wa kompyuta peke yao. Mwanasheria, mhasibu, daktari, mtu wa maendeleo: kila mmoja wenu ataachiwa kitu kinachojirudia chenyewe. Orodha ya chanjo, mishahara ya walimu, kipimo cha maji. Siku ya kwanza kwenye kiti kile, kabla ya kuuliza kinafanyaje kazi, muulize mara ya mwisho kilifanya kazi lini, na nani alihakikisha kwa macho yake. Musikubali jibu la "kiko automatiki." Wale wamama wa akiba nao waliambiwa hivyo.